Tumehama Windows 10 ofisini, pasipoti za wageni zikaibukia steshenari

#1 KaratasiZaMlima (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nipo Moshi, nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Jina la ofisi sitaji, la fundi pia sitaji, msiniulize PM.

Tuna kompyuta saba, zote deskitopu za mtumba, i5 kizazi cha sita, tulizichukua kwa mkupuo mmoja. Zilikuwa na Windows 10 na hazikuwa na shida yoyote. Kisha Oktoba 14, 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10. Ofisi nzima haikushtuka. Nilishtuka mimi, kwa sababu mafaili ya wageni nayashika mimi: pasipoti zilizoskaniwa, fomu za afya, namba za ndugu wa kupigiwa mgeni akizidiwa huko juu. Ndani ya kompyuta hizo hizo kuna vitambulisho vya wapagazi wetu na akaunti zao za benki.

Windows 11 ikagoma. Inataka TPM 2.0 (kijichipu cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. Nikapiga hesabu ya kulipia masasisho ya usalama ya ziada: kwa kampuni ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na mwaka unaofuata bei inazidishwa mara mbili. Mara saba, dola 427. Bosi akaisoma karatasi, akauliza kama hiyo ni bei ya kununua kompyuta. Nikamwambia hapana, ni ya kusasisha hizi hizi. Akanirudishia karatasi yangu bila neno.

Basi tukakubaliana Linux Mint, mfumo wa bure. Ya mhasibu peke yake ibaki na Windows kwa ajili ya QuickBooks, programu yake ya hesabu, na tuiondoe kwenye intaneti.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na ubishi wenyewe ulikuwa mmoja: mfumo gani unawachungulia wateja wetu? Mhasibu anasema Windows inapeleka kila kitu Marekani. Kijana wa mauzo anasema Linux kila mtu duniani anaweza kuisoma, kwa hiyo wezi wanaijua kuliko sisi. Bosi yeye anataka tu kujua kama printa itakubali. Wiki mbili nzima tunabishana chai kwa chai.

Ijumaa fundi akaja na kirikuu, akabeba maboksi sita. Jumatatu akayarudisha, yote yana Mint, mafaili yote yapo kwenye folda zake, printa imekubali. Tukampa hela yake na soda juu.

Wiki ya tatu, Alhamisi mchana, dada wa steshenari ya mtaa wa pili akanipigia. "Dada, njoo. Njoo mwenyewe, usimtume mtu."

Nikafika. Pale kaunta kuna wanafunzi wanne wanasubiri kutoa kopi za past papers. Yule dada ameigeuza skrini yake ikaangalia ukutani na ameiwekea kanga juu. Akanivuta ndani. Hadidiski yake ilikufa mwezi huo, fundi yule yule akamwekea nyingine "ya kwake iliyokuwa imekaa tu". Kwenye D kuna folda imeandikwa BAKAPU OFISI YA MLIMA. Ndani yake PASIPOTI 2023, PASIPOTI 2024, FOMU ZA AFYA. Alifungua moja akidhani ni kazi ya mteja wake aliyeleta kuskani.

Iliyokuwa wazi ilikuwa fomu ya afya ya mama mmoja wa umri wa bibi yangu. Nilimkumbuka palepale. Aliishia Barafu, hakufika kileleni, na pale geti la Mweka alimwachia mpagazi wake viatu vyake vya kupandia. Kwenye fomu ameandika kwa mkono dawa anazomeza, na pembeni ya ugonjwa mmoja ameongeza mstari kwamba tafadhali wenzake aliosafiri nao wasiambiwe. Amepiga mistari miwili chini yake.

Mimi nilihakikisha wenzake hawakuambiwa. Waongozaji wangu nao hawakusema. Wiki mbili tukabishana Microsoft anaona nini na Linux inaona nini, mwisho wa siku aliyeona ni dada wa steshenari, na Mungu anajua wanafunzi wangapi kabla hajatafuta kanga.

Usiku huo sikulala. Tuna deskitopu moja ambayo haitumiki, inakaa stoo, fundi aliipiga Mint pia na akaniambia "hii nimeifuta kabisa, ina sifuri". Nikaiwasha, nikaweka PhotoRec, programu ya bure ya kufufua mafaili yaliyofutwa, na kuiendesha si kazi ya mtaalamu, ni kubonyeza enta na kusubiri. Nikaielekeza hadidiski nzima. Baada ya dakika kumi ikawa imeshaanza kujaza folda inaziita recup_dir.1, recup_dir.2, recup_dir.3. Majina ya mafaili yamepotea, yanaanza na herufi f na tarakimu ndefu. Lakini ukifungua ni pasipoti. Pasipoti, pasipoti, menyu ya Krismasi ya ofisi, pasipoti.

Ndivyo nilivyojifunza, jamani. Kufomati kwa haraka hakufuti kitabu, kunachana ukurasa wa yaliyomo. Na ukipiga mfumo mpya juu ya ule wa zamani, Mint inachukua chini ya gigabaiti 20. Hadidiski yetu ni 500. Kule kwingine kote mafaili ya zamani yamelala kama yalivyokuwa, yanasubiri tu mtu mwenye muda.

Nauliza: nyinyi wenye ofisi mlipohama mfumo mlifanyaje? Na huyu fundi nimfanye nini? Si mwizi, namfahamu, tunasali naye.

---

#2 MwanaChuga

Nawahi siti ya mbele. Uzi huu hautaisha leo.

---

#3 PasuaKwetu

Daftari la kaunta book halina bakapu. Nasema tu.

---

#4 FundiTaratibu

Mimi ni fundi, nipo Kiboriloni, na siye huyo anayesemwa kabla hamjaanza. Nitamtetea kidogo halafu nitamsema.

Mteja anakuja na kompyuta anataka apigiwe Windows au Linux. Namuuliza una mahali pa kuhifadhi mafaili? Hana. Flashi? Hana, au anayo ya gigabaiti nane ina nyimbo za kwaya. Sasa nikipiga bila bakapu, kesho anarudi: picha za harusi ziko wapi, tasnifu ya mwanangu iko wapi. Kwa hiyo kila fundi mwenye akili ana diski ya nje, anamwaga kila kitu humo kwanza, anapiga mfumo, anarudisha. Diski hiyo ndiyo inayomlinda fundi. Mteja akipiga simu baada ya wiki mbili akilia kwamba faili fulani halipo, unalo.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeniambia lini nifute. Yangu mimi hapa, nimeifungua sasa hivi baada ya kusoma uzi huu, ina wateja wa tangu mwaka juzi. Kuna zahanati humo. Sijawahi kufungua hata faili moja lao, lakini zimo.

Sasa kumsema: kuchukua diski ya bakapu ya wateja ukaiuza au ukaifunga kwenye mashine ya mtu mwingine, hapana. Hilo hakuna kulitetea. Hata kama uliifomati. Na huyu hakufomati hata hivyo.

Kingine ambacho wateja hawakijui: nenosiri la Windows halifungi mafaili. Linafunga mlango wa sebuleni tu. Mimi nikichomeka flashi yenye Linux nikawashia hapo, naona folda zako zote bila kukuuliza nenosiri, kama diski haijasimbwa, yaani haijafungwa kwa ufunguo wa siri. Wengi wananiambia "fundi nimeweka password ngumu, hutaingia", nakaa kimya, maana nimeshaingia.

---

#5 NjiroBarabaraYaPili

Dada pole sana. Mimi nipo Arusha, kampuni ya safari za mbuga. Sisi tulikwenda upande wa pili: tuliuza za zamani tukanunua mpya zenye Windows 11. Msidhani huko ndiko kwenye raha.

La kwanza. Windows 11 wakati wa kuianzisha inakudai akaunti ya Microsoft. Meneja wetu akaweka ya kwake binafsi, ile aliyoifungulia Hotmail akiwa chuo. Hapo hapo OneDrive ikaanza kupandisha Desktop, Documents na Pictures mtandaoni. Hakuna aliyesoma, kila mtu anabonyeza endelea, endelea. Baada ya siku chache mwanawe wa darasa la sita anachezea tableti nyumbani, anamuuliza: "Baba, hawa wazungu ni akina nani?" Picha za pasipoti za familia nzima kutoka Ujerumani ziko kwenye tableti ya mtoto, kwa sababu nyumbani wanatumia akaunti ile ile.

Hapo hakuna aliyetudukua, mfumo ulifanya ulichoruhusiwa.

La pili ndilo lililotutoa jasho. Kompyuta ya mapokezi aliianzisha fundi, na ili amalize haraka akatumia akaunti yake YEYE. Windows 11 ya toleo la 24H2 ukiipiga upya ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, inasimba diski yenyewe kimya kimya, na ufunguo wa kuokolea unakwenda kuhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ufunguo una tarakimu 48. Siku moja ikasasishwa BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta), kompyuta ikawaka na skrini ya bluu inaomba tarakimu 48. Msimu wa juu, Agosti, wageni wako uwanja wa ndege KIA wanasubiri gari, vocha zote ziko humo. Fundi kahamia Dodoma, simu anapokea akijisikia.

Sasa fikiria kinyume chake. Mtu ambaye si mfanyakazi wetu alikuwa na ufunguo wa mafaili ya wateja wetu wote, na sisi wenyewe hatukuwa nao. Tuliupata siku ya pili, jioni. Tangu hapo akaunti ni ya kampuni, ufunguo umechapishwa karatasi mbili, moja ipo kwenye kasha la hela.

---

#6 HuruKamaPengwini

Mimi ndiyo maana nasema kila siku hapa jukwaani: Linux haichungulii mtu. Hameni wote, yaishe. Windows ni kamera ya wazungu ndani ya nyumba yako. Hamkusikia Recall? Kompyuta inajipiga picha skrini yake yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa!

---

#7 MzeeWaTarehe

Mkuu Pengwini, tuzungumze bila jazba.

Recall ni kweli, ilitangazwa Mei 2024, watu wakapiga kelele, wakairudisha jikoni, ikaanza kutolewa Aprili 2025. Lakini ni kwa kompyuta mpya za aina ya Copilot+ na unaiwasha mwenyewe. Deskitopu za i5 kizazi cha sita za huyu dada haziiwezi hata zikiombewa.

Windows 10 nayo ilianza na maneno mengi. Mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, Julai 2016 iliipa Microsoft miezi mitatu ipunguze taarifa inazokusanya kwa watumiaji. Wakapunguza, na Juni 2017 faili likafungwa. Hata hivyo kwenye Home na Pro huwezi kuzima zote, zile zinazoitwa za lazima zinakwenda.

Sasa upande wako. Ubuntu, aina nyingine ya Linux, toleo la 12.10, Oktoba 2012. Ukitafuta faili lako kwenye kompyuta yako mwenyewe, neno ulilotafuta linakwenda kwenye seva za Canonical, wenye Ubuntu, na unaletewa bidhaa za Amazon. Richard Stallman, mtu aliyeanzisha harakati za programu huru zenyewe, aliiita programu ya kijasusi waziwazi. Ikaja kuzimwa kwenye 16.04. Ile nayo ilikuwa Linux. Na Mac Novemba 2020: seva ya Apple ya kukagua programu ilielemewa, kompyuta za watu dunia nzima zikawa zinafungua programu kwa kujikokota, ndipo wengi wakajua kumbe ukifungua programu kuna swali linakwenda Apple.

Mint ni safi kwa hilo, nakubali, naitumia. Ila mgeni wa Kilimanjaro hakuumizwa na taarifa za matumizi. Aliumizwa na diski iliyobebwa na kirikuu.

---

#8 MwanaChuga

"Haziiwezi hata zikiombewa" 😂😂 mzee ametuua

---

#9 SheriaMkononi

Nasoma kimya tangu mwanzo, ngoja niongeze la kwangu, maana mnaongea kana kwamba hili ni suala la adabu tu.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ipo, Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Kwa lugha ya sheria ofisi yako ni mkusanyaji. Fundi wako, saa zile kompyuta ziko kwake, anachakata taarifa kwa niaba yako. Wewe mkusanyaji ndiye unayetakiwa kuhakikisha zinalindwa zisipotee, zisiharibiwe, zisifikiwe na asiyehusika. Kumpa fundi maboksi hakuhamishi wajibu. Mgeni hamjui fundi wako, alikupa wewe pasipoti.

Taarifa za afya ni taarifa nyeti, zina ulinzi wa ziada kuliko jina na namba ya simu. Na ikitokea uvujaji unatakiwa kuitaarifu Tume bila kuchelewa. Hii habari ya "tumemaliza kindugu" usiifanye peke yake.

Kama wageni wenu ni wa Ulaya na mnawauzia safari moja kwa moja kule kwao, kuna pia kanuni yao ya GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018. Yenyewe inahesabu saa: 72 tangu ujue. Ila anza na ya nyumbani kwanza.

Halafu msiwasahau wapagazi. Dada umewataja mstari mmoja ukapita. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Pamoja na akaunti ya benki na sahihi, hiyo ni mtaji kwa tapeli wa mikopo ya simu. Mgeni atabadilisha pasipoti yake. Mpagazi wa Rau hawezi kubadilisha siku aliyozaliwa.

---

#10 KaratasiZaMlima

@SheriaMkononi umenipiga pale penyewe. Ni kweli nimewapita. Majina 140 na ushee ya wapagazi yalikuwa kwenye folda ile ile.

Wengi mmeuliza sasa nafutaje. Nitawaambia tulivyofanya baada ya kufundishwa na mtu mmoja wa humu (asante, unajijua).

Kwa hadidiski za kuzunguka, zile za zamani, unaiandika diski nzima juu, mwanzo hadi mwisho. Ipo programu inaitwa nwipe, unaiwashia kwenye flashi. Hata Windows yenyewe ina amri ya diskpart, clean all, ila chonde chonde chagua diski sahihi, haiulizi mara mbili. Mara moja inatosha, zile hadithi za mara saba achana nazo. Gigabaiti 500 zilichukua karibu saa mbili kwa kila diski. Nikarudia PhotoRec kwenye ile ya stoo: faili sifuri. Nilipiga picha skrini ile.

SSD, zile diski mpya zisizozunguka, ni kesi nyingine. Yenyewe inahamisha hamisha data ndani kwa ndani, kwa hiyo kuandika juu hakukuhakikishii. Inayo amri yake ya kujifuta, mara nyingi unaipata kwenye BIOS au kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza.

Lakini dawa yenyewe ni ya siku ya kwanza. Mint wakati wa kuipiga, pale inapokuuliza kufuta diski, kuna kitufe cha chaguo za ziada, ndani yake kuna sehemu ya kusimba diski nzima. Ukiikubali, kila ukiwasha inakuuliza nenosiri kabla ya kitu chochote. Hapo fundi akichomoa diski akaipeleka anakojua yeye anapata uji tu. Fundi wetu hakuiweka. Nilipomuuliza akasema wateja wakisahau nenosiri wanamtukana yeye.

Ilibidi turudie zote sita. Sasa hivi zimesimbwa, na nenosiri la kila moja lipo kwenye bahasha kwa bosi.

---

#11 Msomaji_Soweto

Mimi sihamii Linux, nimesasisha tu kutoka 10 kwenda 11 na kompyuta ni ile ile. Nipo salama?

---

#12 FundiTaratibu

@Msomaji_Soweto ukisasisha juu kwa juu inabaki folda inaitwa Windows.old, ina mfumo wako wa zamani. Inakaa siku kumi kisha inajifuta. Usiiuze kompyuta ndani ya siku hizo ukidhani ni mpya. Zaidi ya hapo angalia OneDrive imewashwa au la, kama alivyosema mtu wa Njiro.

Na nyinyi mnaopigiwa Windows ya elfu kumi na fundi akamalizia na "activator", programu ya kuifungua bila leseni, hiyo ndiyo kubwa kuliko yote na hakuna aliyeitaja. Unazima antivirusi kwa mkono wako mwenyewe ili programu ya mtu usiyemjua ifanye kazi yake. Desemba 2021 Red Canary, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliandika kuhusu KMSPico (mojawapo ya hizo activator) za bandia zilizobeba Cryptbot, mdudu anayezoa manenosiri kwenye kivinjari. Mfumo ni wa Microsoft, mlango umefungua wewe.

---

#13 KopiNaLaminesheni

Mimi nina steshenari Arusha, Levolosi. Nampongeza yule dada wa kanga. Wengine tungefungua mpaka mwisho, tuseme ukweli. Kila siku watu wanaacha mafaili kwenye desktop yangu, CV, matokeo, hati za viwanja. Nilikuwa nafuta mwisho wa mwezi. Nimeanza kufuta kila jioni tangu jana.

---

#14 MzeeWaTarehe

Kwa wanaodhani hii ni shida ya mafundi wetu wa mtaani: Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walinunua hadidiski 158 za mtumba huko huko Marekani, wakachapisha mwaka 2003. Zilizofanya kazi ni 129. Zilizosafishwa sawasawa ni 12. Ndani yake walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, na diski moja ilitoka kwenye mashine ya kutolea fedha. Baadhi ya hizo zilikuwa zimefomatiwa, na mwenye nazo alilala usingizi mzuri.

Na sisi kompyuta zetu za mtumba zinatoka wapi? Siku moja jaribu PhotoRec kwenye ile uliyonunua. Au usijaribu.

---

#15 HuruKamaPengwini

@MzeeWaTarehe hapo kwenye Ubuntu 2012 nimekubali, nilikuwa sijui. Lakini bado hameni.

---

#16 KaratasiZaMlima

Wakuu, mrejesho.

Fundi nilimpigia, sikumfokea. Nilimwambia aje na diski yake ya nje na ile aliyoitoa steshenari (tulimnunulia yule dada nyingine mpya, bosi alitoa hela bila kuuliza risiti, mshangao wa mwaka). Akaja Jumamosi saa tatu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia mapajani. Aliniambia alidhani kwa kuwa ni diski yake na kazi imeisha, vilivyomo vimeisha. Nikamwamini, ila nikamwonyesha ile fomu yenye mistari miwili. Aliisoma polepole, Kiingereza chake si kizuri sana, lakini ile mistari alielewa.

Tukaanza kufuta pamoja. Asilimia 34 umeme ukakatika. Tukaanza upya saa sita. Akamaliza saa tisa, sikumwachia aondoke kabla.

Sasa tuna karatasi moja ya mkataba naye: kazi zote zinafanyika hapa ofisini mbele yetu, bakapu inakwenda kwenye diski ya ofisi, diski haitoki mlangoni. Bei imepanda kidogo kwa sababu anatumia siku mbili badala ya kubeba. Ni sawa.

Tume tumeiandikia. Wapagazi tuliwaita, wengi walicheka, mmoja hakucheka, aliuliza maswali ya maana kuliko sisi sote na tukabadilisha fomu yao kwa ajili yake.

Wageni ilikuwa ngumu. Barua pepe kwa kila mtu aliyekuwemo kwenye zile folda, bosi hakutaka, alisema tutajiharibia soko, tulibishana siku tatu. Zikaenda. Wengi hawakujibu. Wawili walikasirika, wana haki. Yule mama alijibu kesho yake, mistari mitatu. Alishukuru kuambiwa. Akauliza kama yule mpagazi bado anavaa vile viatu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: fomu ya afya ya safari iliyokwisha zamani bado mnaiweka kwa ajili gani?

Nilikaa nalo asubuhi nzima. Sikuwa na jibu. Tulikuwa tunaziweka kwa sababu hadidiski ilikuwa na nafasi.

Nimempelekea bosi. Akasema wateja wanaorudi tutawajuaje. Nikamwambia jina, nchi, barua pepe, mlima alioupanda, basi. Pasipoti na fomu ya afya zinafutwa siku 90 baada ya mgeni kushuka, isipokuwa kama kuna madai ya bima. Alikubali baada ya kuona folda yenyewe imeshuka kutoka gigabaiti 41 hadi mbili na nusu, akasema kumbe hatukuhitaji kununua diski kubwa. Kila mtu na lililomgusa.

---

#17 NjiroBarabaraYaPili

Siku 90 tunaiba, nimeshamtumia meneja. Swali moja tu dada: hizo pasipoti wageni wanawatumia kwa njia gani? Msiniambie bado ni WhatsApp ya kijana wa mauzo.

---

#18 KaratasiZaMlima

Leo asubuhi zimeingia tatu.